Filamu ya Mwisho ya Kasuku

"Nakataa! Leo hafi mtu!" Bibi aligonga fimbo sakafuni. "Juzi mmemuua yule mwenye tai, nimelia mpaka mto umelowa. Jana namwona huyo, mzima wa afya, na tai mpya. Presha yangu mnaifanya mpira?"

"Bibi, hiyo ndiyo raha ya filamu za vita," alisema kaka yake Kasuku. Kutwa nzima alikuwa akichomelea mageti na bado alinuka moshi wa chuma. "Mtu anakufa, anarudi."

"Basi arudi bila kufa."

Kasuku alicheka mpaka akashika mbavu. Jina hilo walimbandika kwa sababu kila filamu iliyotazamwa katika nyumba ile ilipita kwanza mdomoni mwake. Yeye ndiye aliyeitia maneno. Sauti nzito ya mwanamume, sauti laini ya mwanamke, mtoto analia, mbwa anabweka, mlango unafungwa kwa hasira, vyote vilitoka kwenye koo moja. Bila yeye wasingeambulia hata neno.

Na leo ndiyo mwisho. Kesho anaolewa, anahamia mji mwingine. Ndiyo maana kila mmoja aling'ang'ania filamu yake, kama watu wanaogombea ukoko wa chungu.

"Mimi nataka ya kutisha," alisema mama, huku akipiga pasi gauni la bibi harusi. "Yule dada wa ramani, akiinua mkono wake hivi, taratibu... jamani! Mizimu yote inamtii. Nywele zinanisimama."

"Mama, yule si mchawi, yule ni jenerali!" Kaka aliruka. "Huoni anavyopanga majeshi? Pigeni huku! Zungukeni nyuma ya mlima!"

"Jenerali gani anavaa hereni?"

"Wa siku hizi."

"Niacheni na vichekesho vyangu," Bibi akadakia. "Wale mabwana wa suti wanaosinzia kwenye viti vikubwa. Yule mwenye kitambi akishtuka usingizini, akapiga makofi bila kujua anapiga kwa nini, mimi hoi!"

Wakaanza kusema wote kwa pamoja. Mama akainua pasi kama mtu anayeapa. Kaka akapanda juu ya kiti kuonyesha jinsi bomu linavyolipuka, kiti kikalia kwa uchungu, Bibi akamchapa fimbo ya kisigino. Kasuku machozi yalimtoka kwa kucheka.

"Kateni shauri upesi," alisema. "Filamu haimsubiri mtu."

"Tena wewe unyamaze," kaka akamtania. "Huko uendako filamu zinajisemea zenyewe. Utakaa kwenye kochi la mumeo, kimya, kama gunia la viazi."

Kicheko cha Kasuku kikakatika.

Hilo hakuwa amelifikiria. Alikuwa amefikiria sufuria, mapazia, mama mkwe, hata jinsi ya kujibu akiitwa mke wa fulani. Lakini jioni bila ya kusema? Jioni ya kutazama tu, mdomo umefungwa kama duka la aliyefiwa?

"Wewe mtoto, mdomo wako hauna breki," mama akamkemea kaka.

"Nilikuwa natania tu..."

"Tania ukuta!"

Kaka akashuka kwenye kiti, akamsogelea dada yake. "Haya, mdogo wangu. Chagua wewe. Ya vita nimeisamehe."

"Na mimi mizimu yangu nimeifunga," alisema mama.

Bibi alisita kidogo. "Chagua. Ila asife mtu."

Kasuku akawatazama mmoja mmoja. Kisha tabasamu likamrudi, likaanzia pembeni mwa mdomo, kama la mtu aliyeficha kitu mgongoni.

"Ya mapenzi."

"Lo!" Kaka alishika kichwa. "Mapenzi na nani? Yule mwenye tai hajawahi hata kusimama! Maisha yake yote yuko mezani!"

"Ataoa akiwa amekaa."

"Amuoe nani?"

"Jenerali."

Nyumba ikalipuka. Bibi alicheka mpaka fimbo ikamponyoka. "Nilijua! Nilijua mimi! Kila siku yule bwana anamgeukia, anatabasamu, anamwachia nafasi aseme. Hayo kama si mapenzi ni kikohozi?"

"Na wale wa suti?" mama aliuliza.

"Hao wazee wa mahari," alisema Kasuku. "Watasinzia, kisha watapiga makofi."

Mama akacheka, kisha akageuka upesi na kujifuta uso. Alisema ni mvuke wa pasi.

Basi likakokotwa benchi. Bibi katikati, kaka pembeni, mama akiwa na gauni mapajani lisije likajikunja. Kasuku akanywa maji, akakohoa, akajaribu sauti nzito. Ikatoka nyembamba, imekwama. Akajaribu tena. Ikapasuka katikati.

"Pole pole, mwanangu," mama alimnong'oneza. "Hapa ni kwenu."

Kasuku akazima taa, akafungua dirisha.

Ng'ambo ya uchochoro, jirani akavuta pazia la sebule yake. Akageuza televisheni ielekee nje, mkewe na watoto wakajipanga kando yake kwenye dirisha, naye akapaza sauti:

"Kasuku! Taarifa ya habari ndiyo inaanza, na sauti tumeshaizima. Leo ni filamu gani?"