Kamera Inayoona Kotekote

"Tokeni nje nyote," mpiga picha alisema. "Hii kamera inaona mbele, nyuma, juu, kotekote. Ukibakiza hata ukucha, unaonekana."

Mama mtu hakuinuka. Alikuwa amejikita kitini katikati ya sebule, mkoba mapajani, midomo ameibana kama aliyeuma ndimu.

"Mtoto nimzae mimi, nimlee mimi, leo nifukuzwe na chupa yenye miguu mitatu."

"Dakika mbili tu, mama. Ni huyo huyo mwanao aliyenituma."

Hilo ndilo lililomchoma. Kifunguamimba wake alikuwa hajakanyaga nyumbani miaka kumi na minne. Hakuja kumzika baba yake, fundi bomba ambaye kitabu pekee alichowahi kukifungua ni cha risiti. Hakuja mama alipovunjika nyonga. Sasa ndipo amekumbuka kwamba kuna nyumba. Anataka iandikwe jina lake, kwa kuwa ndiye mkubwa, na dada yake atafute pa kupanga. Dada mwenyewe ndiye kitindamimba, anayemkanda mama magoti kila asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Mama alimwambia mkubwa huyo aje kwanza aione. Akajibu hana nafasi. Siku hizi, alisema, mtu haendi. Anatuma kamera, kisha anaizunguka nyumba chumba kwa chumba kwenye kompyuta, sawasawa na aliyefika.

"Haya, zunguka," mama alimjibu kwenye simu. "Ukimaliza ndipo nitajua nisaini jina la nani."

Asubuhi hii ya kupigwa picha alikuwa amekwenda mwenyewe kumpokea mpiga picha kule kona, akamwongoza hadi getini. Mbwa alimpita mgeni, akambwekea yeye.

"Na wewe?" alimuuliza mbwa. "Umetumwa na nani?"

Sasa shoga yake, mwalimu mstaafu, alimshika kiwiko. "Inuka, bibie. Twende tukajifiche."

Wakajibanza nyuma ya tangi la maji, watu wazima wawili wamechuchumaa kama wezi wa kuku, huku kamera ikijizungusha ndani peke yake.

"Bado unaweza kuacha," mwalimu alinong'ona.

"Siachi. Amesema ni sawasawa na kufika. Basi afike."

"Na akifika vizuri?"

"Akifika vizuri nitamsainia, na nitamwomba radhi. Magoti haya haya nitayapiga."

Ilipofika zamu ya kupiga uani, walikimbilia ndani wajifiche chooni; mama alifungua mlango, ufagio ukamwangukia kichwani. Ilikuwa stoo. "Hasira zimenipofusha," alisema. Mwalimu alicheka hadi akashika ukuta.

Siku tatu baadaye, saa nne asubuhi, simu ilimkuta kwenye kiti kile kile. Mwalimu alikuwa pembeni akichambua mboga. Alimwonyesha kwa kidole aongeze sauti.

"Mama, nimezunguka nyumba yote. Niamini, machozi yamenitoka."

"Vyumba vyote umeingia?"

"Vyote. Nimesimama sebuleni nikageuka kila upande. Vitabu vya Baba umevitunza, Mama. Ahsante sana."

Kisu cha mwalimu kilisimama.

"Hujaona kitu kigeni?" mama aliuliza.

"Rangi tu. Mmepaka rangi, eh? Imependeza."

"Tazama tena, mwanangu. Taratibu." Sauti yake ilikuwa imelainika; hakuwa akigomba tena, alikuwa akiomba. "Ingia chumba cha nyuma. Mle ndimo nilimokuzaa, mkunga akatukuta tumeshamaliza. Ingia, usimame."

Huko mbali alisikika akibonyeza, akibonyeza.

"Nimesimama," alisema. "Ule ufa wa dirishani mpaka leo upo. Nilikuwa nauchokoa kwa kijiti, ukanichapa. Unakumbuka?"

"Wewe unakumbuka?"

"Mama, nyumba ile hata unifunge kitambaa machoni siwezi kuikosea. Mtu na alikozaliwa." Akakohoa kidogo. "Sasa na zile karatasi? Dada asije akakuzungusha. Yeye hana uchungu na pale kama mimi."

Mama mtu alifumba macho. Alipoyafumbua, yalikuwa makavu na makali.

"Nitasaini leo hii, mwanangu," alisema, akakata simu.

Kisha akajikongoja kuinuka, akachukua mkoba wake.

"Haya, mwalimu, nimekuchosha vya kutosha. Mwanangu ameipenda sana nyumba yako. Nipe kandambili zangu nivuke barabara nirudi kwangu, nikamwambie binti anitafutie kalamu."

Mbwa akambwekea hadi getini.