Kunde za Mzee Shomari

Mavuno yakishaingia ghalani, watu wa mji ule huwapikia marehemu wao chakula walichokipenda na kukiweka kizingitini kabla jua halijazama. Bi Kidawa alikuwa akipakua kunde za mumewe, Mzee Shomari, binti yake Siwema alipozionja.

“Mama, hazina chumvi!”

“Si daktari alimkataza baba yako? Ana presha.”

“Mama, baba ana mwaka wa tatu kaburini.”

Bi Kidawa akaduwaa, upawa mkononi.

“Kumbe ndiyo maana hanijii hata ndotoni! Kanuna!”

Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akatia kijiko cha chumvi, akafikiri, akaongeza cha pili. Kisha akaiweka sahani kizingitini, na kando yake gudulia la maji.