Doti ya Kanga ya Kombo

Katika mji alioishi Tunu, kumbukumbu ya kila mtu ilihifadhiwa kwa nakala tatu, kwenye masanduku matatu, katika mitaa mitatu. Nakala zikigombana, mbili zilizopatana ndizo zilizohesabiwa kweli. Ya tatu ilifutwa, na mwenyewe akaamka akikumbuka zilivyosema zile mbili.

Tunu alikuwa fundi wa kusuluhisha nakala. Asubuhi moja kazi iliyomfikia ilikuwa ya Kombo, mumewe. Kuhusu siku Kombo aliponunua doti ya kanga yenye maneno "Nimekuona, sitafuti tena," sanduku moja lilisema alimfunga Tunu kanga hiyo. Mawili yalisema alimfunga Riziki, mtalaka wake.

Na kanga yenyewe Tunu alikuwa kajifunga kiunoni.

Roho ikamwasha kama kidonda kilichotiwa pilipili. Kumbe siku zote amevaa maneno ya mwenziwe. Sheria ilimtaka afute lile sanduku moja. Yeye akafungua mojawapo ya yale mawili, akaiondoa sura ya Riziki, akaiweka yake. Sasa zikawa nakala mbili kwa moja, upande wake.

Kesho yake, wakinywa chai, Kombo aliitazama ile kanga, akaweka kikombe chini.

"Mke wangu, unakumbuka nilivyokufunga hii? Niliifungua nikaifunga tena mara tatu."

Akatabasamu, macho yamemlegea.

"Nakumbuka, mume wangu," Tunu akajibu, lakini akalirudisha andazi sahanini. Tangu waoane, tabasamu hilo hakuwahi kuliona, na alijua lilikuwa la nani.