Mume wa Kujibiwa

Mzee Shekue, aliyewahi kusimulia uongo mtamu hadi kuku wakasahau kutaga, sasa alikuwa hapumui kabisa, na bado mzima wa afya. Vumbi la tanuri la chokaa alikofanya kazi lilikuwa limekakamaza vifuko vya hewa mapafuni mwake, oksijeni ikawa haipenyi kuingia kwenye damu, wala hewa chafu haitoki. Basi akavishwa kikanda cha mkononi, kama wagonjwa wote wa mapafu siku hizo, kikawa chenyewe kinaitia damu oksijeni na kuitoa hewa chafu. Kifua kikalala. Ila pasipo pumzi hakuna sauti, na kalamu hakuwahi kuijua.

Mkewe, Mwanakombo, hakuiweza nyumba iliyonyamaza. Akaanza kumjibia, kwa sauti nzito ya kuigiza.

"Chai imepoa, mume wangu?"

"Imepoa kama salamu za mama mkwe!" akajijibu, akacheka mpaka akashika ukuta.

Shekue alifurahi, maana utani ule ulikuwa wake hasa. Lakini siku zilivyokwenda, yule Shekue wa mdomoni mwa mkewe akazidi kuwa mpole na msikivu.

Asubuhi moja Mwanakombo alikuwa akipeta mchele. "Baba Zaina, tuiuze nyumba hii, tukaishi kwa mwanetu Morogoro?"

Nyumba ile Shekue aliijenga kwa mikono yake. Akatikisa kichwa. Akagonga meza kwa ngumi.

Mkewe hakuinua macho kwenye ungo.

"Twende, mke wangu," ikasema ile sauti nzito. "Utakavyo wewe."

"Ahsante, mume wangu," akajibu kwa sauti yake mwenyewe, machozi yakimlengalenga. "Nilijua hutanikatalia."