Yowe la Malkia

Ng'ombe wa Mzee Shilinde waliingia kwenye mpunga wa Venance wakati mzee huyo akikimbia kwenda shuleni kumwokoa mtu ambaye hakuwa hatarini.

Alifika na fimbo mkononi. Nyuma yake walikuja wanawake waliokuwa wakivuna, baadhi wakiwa bado wameshika mundu. Walimkuta binti yake Mbuke, mwanafunzi wa darasa la saba, amesimama nyuma ya jengo na taji la boksi kichwani. Alikuwa anafanya mazoezi.

Margareta aliwaeleza. Yeye na wenzake walitoka Ifakara kufundisha uigizaji katika shule ambazo hazijawahi kuona jukwaa, na mchezo walioleta ulikuwa wa kale, wa Wayunani. Katika michezo hiyo watu hawauawi mbele ya watazamaji. Malkia huingia ndani, na walio nje husikia yowe lake tu. Hilo ndilo alilopiga Mbuke.

Walimsikiliza kwa adabu, wakarudi bondeni. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kula na kukanyaga robo ya shamba.

Kijijini pale wafugaji na wakulima walikuwa wamekaa misimu kadhaa bila ugomvi. Jioni hiyo Shilinde na Venance walishikana mashati mbele ya ofisi ya kijiji. Mama Fausta, mwenyekiti, aliwaamua, kisha akamwambia Margareta kwa sauti ya chini kwamba mtu mwingine akipata hasara kwa sababu ya mchezo wao, wageni watafungasha.

Margareta alijua kosa ni lake. Siku ya kwanza mwalimu mkuu alikuwa amemwambia kwamba hapa anayesikia yowe huacha alichoshika akaenda, na asiyekwenda hutengwa: haombwi moto, hasaidiwi kuzika. Alikuwa ameyasikia hayo kama habari za mila za watu. Hakuyasikia kama maelekezo.

Alikwenda kuomba radhi. Venance alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, na hakusema kwamba amemsamehe. Kwa Shilinde alikwenda na pendekezo. Mwenyekiti awatangazie watu kwamba siku ya onyesho yowe la shuleni lisiitikiwe.

"Mwano hauchaguliwi, binti yangu," alisema Shilinde, akilitaja yowe kwa Kisukuma chake. "Ukiusikia unakwenda. Habari utaulizia hukohuko."

"Shamba la Venance limeliwa kwa ajili yangu, mzee. Sitaki liliwe la mwingine."

Mzee alikubali mwishowe, kwa kuwa tangu wageni wafike Mbuke hakuwa na mazungumzo mengine nyumbani. Mkutano wa kijiji nao ulinung'unika, ukapitisha.

Siku ya onyesho watu walijaa uwanjani, wazee kwenye madawati na wanawake kwenye mikeka. Venance alikaa nyuma ya Shilinde.

"Mzee, malkia wenu akifa leo, ng'ombe wako wapi?" aliuliza kwa sauti ya kusikika na wote.

"Zizini, hapo nyuma ya shule. Mama Mbuke yupo nao. Wewe kaa utulie."

Watu walicheka, na Venance akacheka. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ng'ombe, Margareta aliweza kumtazama usoni.

Mchezo ulikwenda vizuri kuliko alivyotarajia. Kwaya, yaani waigizaji wengine wote, ilisimama mstari mmoja mbele ya darasa la mwisho. Mbuke aliingia darasani peke yake, akavuta pazia la khanga mlangoni. Kwaya ikanyamaza kusubiri.

Yowe lilikuja mapema kidogo. Lilianza juu, likapasuka katikati, na halikufanana na lolote la mazoezini. Kisha likaja tena. Mbuke hakuwahi kulirudia, lakini Margareta mwenyewe ndiye aliyewafundisha kwamba mwigizaji mzuri huongeza chake.

Shilinde alikuwa ameshasimama, fimbo mkononi. Nyuma yake wengine walianza kuinuka. Margareta aliona shamba jingine likiliwa, na mashati mengine yakishikwa. Akatikisa kichwa kumwelekea mzee, akamwonyesha kwa mkono akae. Venance naye akamvuta shati taratibu, bila ubaya.

"Kaa, mzee. Tulikubaliana."

Shilinde alibaki amesimama kidogo, akitazama upande ule lilikotoka yowe. Kisha akakaa, na waliokuwa wakiinuka wakakaa pia.

La tatu lilikuwa fupi. Halikufuatwa na kitu.

Uwanja mzima ulipiga makofi. Mama Fausta alifuta macho kwa ncha ya kitenge. Hata Venance alipiga, akamwinamia Shilinde kumsifia binti, na Margareta akapiga pamoja nao mpaka viganja vikauma.

Pazia likasogea. Mbuke akachungulia, taji mkononi.

"Samahani, mwalimu," alinong'ona. "Taji limechanika, nilikuwa bado nalifunga. Nani amepiga yowe badala yangu?"