Chungu cha Mwalimu Godwin

Chungu kilikuwa ndani ya stoo ya majembe, gizani, na mpaka sasa hakikuwa kimelia.

Watoto wanane wa darasa la saba walikwishaingia. Kila mmoja aliingia kwa mlango wa mbele, akatokea wa nyuma ngumi zimefumbwa, akaenda kukaa chini ukutani. Faidha alikuwa wa kumi na tatu kwenye mstari.

"Hiki ni chungu cha kiapo," Mwalimu Godwin, mwalimu mkuu, alikuwa amewaambia asubuhi ile. "Nimekiazima kwa mtu ambaye hata wazazi wenu wanamwogopa. Utaweka viganja vyote viwili ubavuni mwake. Huna hatia, kitanyamaza. Umesoma kile kitabu, kitalia kama mtoto mchanga. Kisha funga ngumi. Atakayefumbua kabla sijasema, ameungama."

Hakuna aliyecheka. Kijijini Kitangari, kiapo si mchezo. Kila mtoto ana bibi aliyewahi kumsimulia habari za mtu aliyeapa uongo, akavimba tumbo.

Kitabu chenyewe kilikuwa kwapani mwa mwalimu, jalada limechakaa. Faidha alikijua kuliko daftari lake. Zama zilikuwa za ruksa, na Masasi kila kitu kilikuwa kinauzwa. Mjomba wake Muharami, muuza mitumba, ndiye aliyemletea kitabu hicho pamoja na sketi. "Soma, mpwa wangu," alimwambia. "Hata mimi kimenitisha."

Kilisimulia nyota ya mbali ambako watu wote walipumua kwa kengele moja. Kengele ikilia, wanavuta pumzi. Ikilia tena, wanashusha. Aliyekosea alipelekwa kwa Mpimaji, akarudi anatabasamu, hata jina lake halikumbuki. Mpaka siku moja msichana aitwaye Tunu akavuta pumzi kabla ya kengele. Walipouliza ni nani, akasimama akasema, "Ni mimi."

Faidha alikificha kwenye tundu la mkorosho mkongwe, kando ya njia ya kwendea maji, akawa anaiba kurasa mbili tatu kila anapopita na ndoo. Siku nyingine alikikuta kimegeuzwa kichwa chini. Siku nyingine kilinuka mafuta ya taa, naye hakuwahi kukipeleka nyumbani penye kibatari. Akamsingizia panya, maana panya hajitetei.

Juzi mwalimu mkuu alikiona humo tunduni. Akakisoma chote, akaja nacho kwenye mstari wa asubuhi uso umemwiva.

"Wiki hii watoto watatu wameniuliza kwa nini," alisema. "Miaka tisa niko hapa, sijaulizwa kwa nini! Ruksa ni huko Masasi, hapa kwangu haijafika. Kuna mtoto mmoja mwovu, naye anawaharibu wenzake. Nikimpata, mtihani wa darasa la saba hafanyi."

Hapo ndipo Faidha alipoanza kuogopa. Mama yake hakusoma hata darasa moja, na kila jioni aliwatangazia majirani, watake wasitake, kwamba binti yake anakwenda sekondari.

"Pumua, Faidha," Danieli alimnong'oneza kutoka nyuma. "Usingoje kengele."

Aliona anamtania.

Zamu yake ikafika. Stoo ilinuka popo. Chungu kilikuwa juu ya kigoda, na kadiri macho yalivyozoea giza ndivyo kilivyozidi kuwa kikubwa. Angeweza kutokigusa. Nani angemwona? Angesimama kidogo, akafunga ngumi, akatoka zake.

Lakini alimkumbuka Anselmo. Mwaka jana kioo cha ofisi kilivunjika, mvunjaji hakujulikana, na mwalimu akamfukuza Anselmo kwa sababu tu alikuwa mtundu. Mwalimu Godwin akitafuta mkosaji, lazima ampate. Kama si Faidha, atakuwa mwingine.

Faidha akabana macho, akakikumbatia chungu kwa viganja vyote viwili.

"Ni mimi," akakiambia.

Chungu kilinyamaza. Kilikuwa na utelezi, basi. Akafumba ngumi, akatoka mbio.

Alipokaa ukutani alifumbua vidole kidogo chini ya sketi, akachungulia. Viganja vilikuwa vyeusi tititi.

Kumbe chungu hakikulia kwa sababu kilikuwa na njia yake: kilikuwa kimemtia alama. Aliitazama ngumi ya Zena upande wa kushoto. Safi mpaka kwenye kucha. Danieli alipotoka na kukaa kulia kwake, za kwake vilevile. Faidha aliifikiria sura ya mama yake, machozi yakamtoka.

Mtoto wa mwisho alipokaa, Mwalimu Godwin alisimama mbele yao akicheka kidogo.

"Siri ya mtungi aijuaye kata," alisema. "Chungu hiki ni cha mke wangu, cha kupikia maharage. Hakilii. Nimekipaka masizi na mafuta kwa mikono yangu. Asiye na hatia hakuogopa kukigusa, na sasa mikono yake ni myeusi. Aliyesoma kitabu hakuthubutu. Huyo mwenye mikono safi aanze kuaga. Haya, fumbueni!"

Ngumi arobaini na mbili na nyingine arobaini na mbili zikafumbuka. Faidha alikuwa amefumba macho. Alisikia viatu vya mwalimu vikienda taratibu mpaka mwisho wa mstari, vikasimama. Vikarudi, mara hii kwa haraka. Vikasimama mbele yake.

Akafumbua macho. Viganja vya Danieli vilikuwa safi. Vya Zena pia. Na vya aliyefuata, na vya aliyefuata, mpaka kule ukuta ulikoishia.

Mwalimu Godwin alimwekea mkono kichwani, sauti inamtetemeka.

"Mtoto mmoja," alisema. "Darasa zima, ni mtoto mmoja tu ambaye hajakisoma."