Waya Uliopita Kwenye Mchicha

Mbaruku seremala alikuwa amenunua randa ya umeme wa fezi tatu, na karakana yake ilikuwa nyuma ya bustani ya mama mkwe wake. Tausi, fundi umeme, alinyoosha futikamba kutoka nyumbani kwa mama huyo.

“Tukikata katikati ni mita ishirini na tano. Waya wa milimita sita unatosha.”

Mbaruku akautazama mchicha uliostawi hapo katikati, akakohoa. “Tuzunguke ukutani.”

“Huko ni mita themanini! Umeme utafika umechoka, mota iungue. Itabidi ununue waya wa kumi na sita, mnene kama mkia wa ng'ombe. Si umwombe tu mama?”

“Nimwombe mkwe ang'oe mchicha wake? Heri huo mkia.”

Mlango wa jiko ukafunguka. Mama mkwe akatoka, kanga kaifunga kibwebwe, jembe begani. Mbaruku akainamisha macho. Mama aling'oa mafungu mawili ya mchicha, akampa Tausi. “Ukapike, mwanangu.”

Kisha akaanza kuchimba mtaro mwenyewe, umenyooka kama rula, mpaka akafika kwenye shina la boga. Akasimama. Akalitazama boga, akamtazama mkwewe, akageuza jembe kushoto.

Tausi akanyoosha futikamba upya.